Kwenda Kwale wakati wa mvua? Anza na viatu

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hatubishani nao. Hata hivyo, dole lililojikwaa kwenye matope ya Msambweni mwezi wa Mei linaweza kumgharimu mwenyewe kuliko neno lolote alilokosea kusema. Linaweza kumletea pepopunda, linaweza kumlaza hospitalini wiki nzima, na kwa mwenye ugonjwa wa kisukari linaweza hata kukatwa.

Kila mwaka watu wengi wa mijini hushuka pwani ya kusini wakati mvua inanyesha. Wengine hufuata likizo ya shule ya Aprili. Wengine huitwa kwenye semina, kwa kuwa hoteli za Diani hupunguza bei msimu wageni wanapokuwa wachache. Wengine huenda arusini au matangani, na shughuli hizo hazingoji jua. Ukichungulia mizigo yao utakuta nguo za kuogelea, mafuta ya kujipaka na pengine mwavuli. Kwa upande wa viatu, utakuta kile cha ngozi walichovaa safarini na patipati, ambazo wapwani huziita champali au kandambili. Basi.

Makala haya yanataka kumwonyesha msomaji kwamba viatu hivyo viwili havitoshi, na kwamba kuchagua viatu vya safari ya mvua ni jambo la afya kama vile kumeza dawa ya kuzuia malaria. Si lazima utumie pesa nyingi. Linalotakiwa ni kujua utakanyaga wapi.

Mvua na ardhi ya Kwale

Pwani ya Kenya ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Juni, na kwa kawaida Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Kwa kawaida vuli ni hafifu, lakini katika miaka ya El Niño, kama 1997 na 2023, hugeuka kuwa mafuriko.

Ndani ya Kaunti ya Kwale ardhi hubadilika kila baada ya kilomita chache. Diani na Tiwi ni mchanga mweupe, na mbele yake majini kuna miamba ya matumbawe inayokata kama wembe. Gazi kuna mikoko na matope mazito. Wasini, kisiwa kilicho mkabala na Shimoni, ni mawe ya matumbawe karibu kila unapokanyaga. Ukipanda Shimba Hills utakutana na vijia vya msituni vyenye miteremko na utelezi. Ukunda ni mji wa lami, mitaro na bodaboda, na mvua kubwa ikinyesha maji ya mitaro na ya barabarani huwa kitu kimoja. Kiatu kinachofaa Gazi kitakutesa Ukunda, na cha Ukunda hakitakufaa Shimba.

Maadui wanaoingia kupitia ngozi

Watu wengi hudhani kazi ya kiatu ni kuzuia mwiba na msumari tu. Wakati wa mvua, maadui wakubwa ni wale wasioonekana kwa macho.

Wa kwanza ni minyoo ya safura. Mtu mwenye minyoo hii akijisaidia porini, mayai huanguliwa ardhini na kutoa viluwiluwi vidogo mno. Viluwiluwi hivyo hupenda mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, yaani mahali kama chini ya mnazi au mwembe baada ya mvua. Mtu akipita pekupeku vinapenya ngozi, mara nyingi katikati ya vidole. Mtu huwashwa siku chache, kisha husahau. Viluwiluwi husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwishowe hukaa utumboni vikinyonya damu kwa miaka. Matokeo yake ni upungufu wa damu, ambao ni hatari hasa kwa mama mjamzito na kwa mtoto anayekua.

Njia hiyo iligunduliwa karibu kwa bahati mbaya. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu Mjerumani aliyeitwa Arthur Looss, akifanya kazi nchini Misri, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi hivyo. Mkono ukamwasha, na baada ya wiki kadhaa alikuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Kuanzia 1909, kampeni kubwa ya kupambana na safura ilipoanza kusini mwa Marekani, wananchi walihimizwa mambo mawili pamoja na dawa: kujenga vyoo na kuvaa viatu.

Kwale inaufahamu ugonjwa huu vizuri. Utafiti mkubwa uliofanywa katika kaunti hiyo kati ya 2015 na 2017 ulionyesha kuwa mwanzoni karibu watu 2 kati ya 10 walikuwa na minyoo ya safura. Pale ambapo dawa ilitolewa kwa jamii nzima, badala ya watoto wa shule peke yao, kiwango kilishuka chini ya mtu 1 kati ya 10. Ni mafanikio makubwa, lakini ardhi haijawa safi kabisa.

Ndugu wa minyoo hiyo ni ile ya mbwa na paka, na huyu ndiye anayewapata watalii zaidi. Akiingia katika ngozi ya binadamu hupotea njia. Hawezi kufika utumboni, kwa hiyo huzunguka chini ya ngozi akichora mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha usiku kucha. Ufukweni hupatikana zaidi kwenye mchanga wa juu, penye kivuli, ambapo maji ya bahari hayafiki na mbwa hulala. Mchanga unaooshwa na bahari kila siku una usalama zaidi. Dawa zake zipo na zinafanya kazi vizuri. Usikubali mtu akuchimbe kwa sindano akimtafuta mdudu, kwa sababu mara nyingi mdudu mwenyewe amekwisha utangulia mstari unaouona.

Wa tatu ni kichocho. Eneo la Msambweni limechunguzwa na wataalamu wa ugonjwa huu kwa miongo mingi. Kichocho hakipatikani katika maji ya bahari. Hupatikana katika maji baridi yaliyotuama au yaendayo polepole: vidimbwi, mabwawa na vijito. Konokono wanaokibeba wanaweza kujificha ndani ya matope makavu wakati wa kiangazi, na mvua ikijaza dimbwi huamka upya. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hao hupenya ngozi kwa muda wa dakika chache tu. Dalili inayojulikana ni kukojoa damu. Kikiachwa bila matibabu huharibu kibofu, na kwa wanawake huharibu pia via vya uzazi. Patipati ndani ya dimbwi hazimkingi mtu na lolote, kwa maana mguu wote umo majini.

Wa nne ni funza. Huyu ni mgeni aliyelowea. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimfikisha Angola, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amevuka bara zima hadi pwani yetu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: funza hupungua nje wakati wa mvua, kwa sababu hupenda vumbi kavu. Lakini ndani ya nyumba yenye sakafu ya udongo mvua haifiki, naye huendelea kuzaliana humo. Kwa hiyo mgeni anaweza kutembea njiani salama, akampatia funza chumbani alikolala.

Kiatu gani, wapi?

Sasa tuje kwenye mzigo. Kwa safari ya siku chache ninashauri jozi mbili ulizochagua kwa makini, na ya tatu ikiwa utaingia shamba.

Jozi ya kwanza ni kiatu cha kufunika mguu wote, chepesi, kinachokauka haraka. Raba ya kitambaa chembamba inafaa. Kiatu cha ngozi hakifai: kikilowa hunywa maji, huwa kizito, huchukua siku kadhaa kukauka, na katika joto la pwani huota ukungu. Geuza kiatu utazame soli. Iwe ya mpira laini, yenye mikato ya kina inayoshika ardhi. Soli iliyolika au ya ngozi itakuangusha kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni kabla hata hujaiona Kwale. Wanaonunua mitumba Gikomba au Kongowea waangalie jambo hilo kwanza, kwani viatu vingi vya mitumba huonekana vipya juu na soli imekwisha.

Jozi ya pili ni sandali yenye mkanda wa nyuma, ya mpira au plastiki, inayooshwa kwa maji. Vile viatu vya plastiki vya bei nafuu ambavyo watu wa mjini huvicheka, vyenye vitundu na bizimu, vinafanya kazi hii vizuri kuliko sandali za ngozi za bei ghali. Makubadhi ni mazuri na ni fahari ya pwani, ila yaweke kwa siku kavu na kwa sherehe.

Patipati zina kazi yake: bafuni na chumbani. Barabarani zinateleza, zinarusha matope hadi mgongoni, na ukipanda bodaboda kutoka Ukunda kwenda ufukweni zinachomoka. Anayepanda bodaboda na avae kiatu cha kufunika na suruali ndefu, maana paja la nyuma la chini ya goti, yaani shavu la mguu, huungua kwa bomba la moshi kila siku.

Jozi ya tatu ni gambuti. Hizi ni za mtu anayekwenda kijijini, shambani, au mahali pa kuvuka vidimbwi. Hukinga kichocho mradi maji hayapiti ukingo wa juu. Hukinga pia meno ya nyoka kwa kiasi kikubwa, kwani wengi wanaoumwa huumwa kwenye wayo au chini ya goti, baada ya kumkanyaga nyoka kama kifutu gizani. Si lazima uzibebe kutoka Nairobi. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya kilimo na ujenzi. Usizivae kutwa nzima, kwani mguu hutoka jasho ndani yake na kuvimba.

Ukienda Shimba Hills kuona maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, jua kwamba unatembea kwa miguu msituni ukisindikizwa na askari wa wanyamapori, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Vaa raba zenye soli ya kushika na soksi ndefu. Gazi kuna daraja la mbao la kutembelea mikoko. Ukibaki darajani, sandali inatosha, lakini tahadhari na mbao zilizolowa. Ukishuka matopeni, utakuta mizizi ya mchu imechomoza kama penseli, pamoja na makombe ya chaza yanayokata. Hapo patipati hunaswa na matope, ukabaki pekupeku papo hapo.

Baharini

Ndani ya maji ya Diani, karibu na miamba, wamejaa wale viumbe wa mviringo wenye miiba myeusi. Watafiti wamehusisha wingi wao na kupungua kwa samaki wanaowala. Mwiba wake huvunjika ndani ya wayo, na kuutoa ni taabu. Wakati wa kusi bahari huchafuka na kuleta mwani mwingi ufukweni, hivyo huwezi kuona unachokanyaga. Vaa viatu vya plastiki au raba kuukuu uingiapo majini.

Taa, na yule samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe, huchoma kwa maumivu makali sana. Huduma ya kwanza ni kuutumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika, kiasi cha nyuzijoto 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mgonjwa akipelekwa hospitali. Mtu mwingine ayapime maji hayo kwa mkono wake kwanza, kwani mguu wenye maumivu hautambui joto vizuri.

Wenye kisukari wasome hapa mara mbili

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mwenyewe hasikii kiatu kinapombana wala jiwe lililoingia ndani. Mgonjwa mmoja wa makamo alikwenda arusini Msambweni na viatu vipya vya ngozi. Vikalowa siku ya kwanza, akavivaa hivyo hivyo hadi siku ya tatu, kwa kuwa hakuwa na vingine. Lengelenge likapasuka kisiginoni na jingine kwenye kidole cha mwisho. Hakusikia chochote. Aliyegundua ni mkewe, tena kwa harufu, walipokuwa wamekwisha rudi Nairobi. Kidole hicho hakikuokolewa. Arusi yenyewe, aliniambia, ilikuwa nzuri sana.

Mwenye kisukari asinunue viatu vipya kwa ajili ya safari. Avae vile mguu ulivyokwisha vizoea kwa wiki mbili au zaidi, na abebe jozi ya akiba. Kila anapovaa aingize mkono ndani ya kiatu kwanza. Kila usiku atazame nyayo zake kwa kioo, au aangaliwe na mwenzake. Asitembee pekupeku mahali popote, hata ufukweni, kwani jua likitoka mchanga mkavu huunguza. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, kionwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kukauka ni nusu ya kinga

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya askari waliokuwa katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji waliharibikiwa na miguu bila kupigwa risasi. Sababu ilikuwa viatu vilivyolowa, pamoja na baridi. Dawa iliyosaidia ilikuwa rahisi: kuvua viatu, kukausha miguu na kubadili soksi kila siku. Kwale hakuna baridi ile, lakini mguu uliolowa kutwa hulainika, huchubuka na kuota fangasi kati ya vidole. Ufa mdogo wa fangasi ndio mlango wa vijidudu vinavyovimbisha mguu mzima na kuleta homa kali.

Kwa hiyo fanya hivi kila jioni. Osha miguu kwa sabuni na maji safi. Kausha kati ya kila kidole. Vaa soksi kavu au uiache miguu ipate hewa. Toa soli za ndani za kiatu, kisha jaza kiatu magazeti makavu, hili likiwemo ukishamaliza kulisoma. Karatasi hunyonya maji. Zibadilishe kabla ya kulala. Usianike kiatu karibu na moto, kwani gundi huachia na soli hubanduka. Asubuhi kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kwa sababu nge na tandu nao hutafuta mahali pakavu.

Soksi beba nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Za pamba tupu hukaa na maji, za mchanganyiko wa nailoni hukauka upesi. Jioni, soksi na kiatu cha kufunika vina faida nyingine: mbu wengi wa malaria hupenda kuuma chini, kwenye vifundo na nyayo. Havichukui nafasi ya chandarua wala dawa, lakini husaidia.

Kumbuka pia adabu ya pwani. Viatu huvuliwa mlangoni, nyumbani na msikitini. Chagua kiatu kinachovulika bila kuwachelewesha wenzako, na uwe na soksi safi ndani. Wenyeji wakikupa champali za chooni, zivae.

Kabla na baada ya safari

Kabla ya kuondoka, hakikisha chanjo yako ya pepopunda. Ikiwa miaka 10 imepita tangu uchanjwe mara ya mwisho, chanjwa tena. Ukipata jeraha chafu, hata miaka 5 inatosha kukufanya uende hospitali kuuliza. Msumari ukipenya soli ya raba na kukuchoma, usijitibu kwa kiberiti na mafuta taa. Vijidudu vinavyokaa ndani ya soli zilizolowa vinaweza kufika mfupani.

Ukiumwa na nyoka, kaa kimya, mguu ulazwe na usitikiswe, vua kiatu na chochote kinachobana, ukimbizwe hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba.

Ukirudi nyumbani, na ulikanyaga pekupeku au uliingia dimbwini, mweleze daktari wako. Kipimo cha kichocho kifanywe baada ya miezi miwili hadi mitatu, kwani kikifanywa mapema mno kinaweza kukosa kuonyesha chochote. Mstari unaowasha, kikohozi kisichoeleweka, uchovu wa kukosa damu, mkojo mwekundu: hizi si dalili za kungoja ziishe zenyewe.

Na jambo la mwisho. Mgeni hukaa siku tatu akaondoka, lakini mtoto wa mwenyeji wake hupita njia ile ile kwenda shule mwaka mzima. Mtu anayetafuta zawadi ya kupeleka Msambweni, badala ya mkate na soda, aulize kwanza watoto wa nyumba ile wanavaa nambari gani.